Kuizunguka Uganda kwa Gari Bila Kumaliza Mfuko: Mwongozo Kamili

Chakula cha Uganda hakimfilisi mtu. Sahani ya matoke na maharagwe, au rolex ya moto ya kando ya barabara (chapati iliyoviringishiwa mayai), bado ni nafuu kuliko mlo wa aina hiyo Nairobi au Dar es Salaam. Anayeingia na gari hufilisiwa na vitu vitatu: mafuta, geti la hifadhi, na chumba kinachotajwa bei kwa dola. Naishi Kampala na hupokea ndugu na marafiki wanaokuja kwa gari kutoka pwani na bara, na kila msimu naona jambo lilelile: mtu anajinyima chakula cha shilingi 5,000, kisha kesho yake anaacha 100,000 getini kwa sababu ameingia saa isiyofaa. Ndiyo maana katika mwongozo huu nimekaa zaidi pale penye fedha nzito na kupita haraka pale penye fedha nyepesi. Shilingi ninazotaja ni za Uganda.

Hatua ya 1: Chora duara

Kabla ya kuhesabu chochote, chukua ramani uchore njia inayozunguka. Wageni wengi hukaa Kampala, wakaenda Kabale na kurudi, kisha wakaenda Kasese na kurudi. Safari hizo mbili zinafika karibu kilomita 1,570. Ukiziunganisha ziwe mzunguko mmoja, yaani Kampala, Masaka, Mbarara, Kabale, urudi hadi Ntungamo, upite Ishaka, Kasese, Fort Portal, Mubende na Kampala tena, unapata karibu kilomita 1,100 pamoja na michepuko midogo. Kwa gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita, tofauti hiyo ni lita 40 na kitu.

Mwaka 2025 lita ya petroli Kampala ilikuwa ikizunguka shilingi 5,000. Kwa hiyo duara zima ni kama 550,000 za mafuta, na mkiwa wanne kila mmoja anabeba chini ya 140,000. Mkiwa wawili gharama inakuwa mara mbili. Gari lililojaa watu ndiyo akiba kubwa kuliko zote. Tafuta wenzako kabla hujatafuta hoteli.

Anayetoka Kenya aongeze karibu kilomita 200 za Busia hadi Kampala, kwenda na vilevile kurudi. Anayeingia kwa Mutukula ana bahati, kwa sababu barabara yake inapita Kyotera na kutokea Masaka, tayari yuko kwenye duara. Asiende Kampala kwanza kama hana shughuli huko. Aanzie Masaka, ageuke kushoto kuelekea Mbarara, na Kampala aipitie mwishoni.

Hatua ya 2: Karatasi, ukiwa bado nyumbani

Karatasi inayokosekana mpakani hununuliwa kwa haraka, na cha haraka ni ghali. Mkenya na Mnyarwanda huingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa, lakini Mtanzania aje na pasi. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kipate mapema. Kwa gari unahitaji kadi ya gari halisi (Kenya huiita logibuku). Kama gari si lako, beba na barua ya mwenye gari iliyothibitishwa na wakili. Pia beba Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo ni bima ya mtu wa tatu inayotambulika Kenya, Uganda na Tanzania. Inunue kwa kampuni yako ya bima unapokata bima ya kawaida.

Mpakani utapewa kibali cha muda cha kuingiza gari kutoka mamlaka ya mapato, URA. Soma tarehe ya mwisho kabla hujaondoka dirishani, kwa maana kupitisha siku ni faini. Busia, Malaba na Mutukula zote zina kituo kimoja cha pamoja, hivyo shughuli ya nchi mbili inaisha ndani ya jengo moja. Vijana watakaokufuata wakisema watakusaidia kujaza fomu, washukuru kwa heshima na uingie ndani mwenyewe. Maofisa wanaeleza vizuri, na Kiswahili kinaeleweka mpakani kuliko mahali pengine popote nchini.

Hatua ya 3: Gari dogo linatosha, isipokuwa siku moja

Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu linaokoa fedha nyingi: duara nililolitaja lote ni lami. Gari dogo la saluni lenye tairi nzima linalimaliza bila shida. Kinachowatisha watu ni barabara za Bwindi, hifadhi ya sokwe wa milimani, za kwenda Rushaga, Ruhija na Buhoma, ambazo ni vumbi, kona na milima, na mvua ikinyesha huwa utelezi mtupu. Basi watu hukodi gari kubwa la magurudumu manne kwa safari nzima, linakunywa mafuta siku zote ili lije kutumika siku moja.

Fanya hivi: acha saluni yako Kabale au Kisoro mahali penye mlinzi, mkodi kwa siku hiyo moja gari la wenyeji pamoja na dereva wake, mgawane. Dereva wa Kigezi, yaani wa eneo hilo la Kabale na Kisoro, anazijua zile kona, nawe unapata nafasi ya kutazama milima.

Unayekodi gari Kampala, uliza mambo manne kabla ya kulipa. Kilomita zina kikomo kwa siku? Likigongwa, sehemu gani ya hasara ni juu yako? Panchari na tairi ni za nani? Bei ni ya shilingi au ya dola? Wenye magari wa Kampala wengi hukubali shilingi, na hapo unaepuka kupoteza kwenye kubadilisha. Lipige gari picha za video pande zote mbele ya mwenyewe. Ukichukua na dereva, mkubaliane mapema nani analipa malazi na chakula chake.

Ukiwa na gari lako, kagua spea, jeki, kizima moto na pembetatu za tahadhari. Askari wa barabarani huziulizia. Ikiwa kuna kipuri cha kununua Kampala, soko la Kisekka ndiko mafundi wenyewe wanakonunua, ila nenda na fundi unayemwamini.

Hatua ya 4: Mafuta

Kenya na Tanzania zina mamlaka inayotangaza bei ya juu ya mafuta kila mwezi. Uganda haina. Kila kituo hujipangia, na vituo viwili vinavyotazamana vinaweza kutofautiana shilingi mia kadhaa kwa lita. Kwa hiyo soma ubao kabla hujakata kona. Ukijaza lita 45 penye nafuu ya shilingi 200, umeokoa 9,000, chakula cha mchana cha watu wawili.

Mafuta ya Uganda mengi hushushwa Mombasa na kuja kwa nchi kavu, kwa hiyo ukishaipita Kampala, kadiri unavyozidi kwenda mbali ndivyo bei inavyopanda. Jaza Kampala, Masaka, Mbarara au Fort Portal, miji yenye vituo vingi vinavyogombania wateja. Usifike Kisoro au Karamoja na tanki tupu. Anayetoka Tanzania ajaze Bukoba au Kyaka kabla ya Mutukula, maana petroli ya Tanzania kwa kawaida iko chini. Anayetoka Kenya ataona tofauti ndogo, apige hesabu siku ile ile kwa kiwango cha siku ile.

Mafuta ya magendo yanayouzwa kwenye madumu na chupa karibu na mipaka usiyaguse. Ukitia uchafu kwenye injini utalipa fundi mara kumi ya ulichookoa.

Mguu wa dereva nao ni mfuko. Milima ya Kigezi inakula mafuta hata ufanyeje, lakini kati ya Masaka na Mbarara barabara ni pana na kishawishi cha kukimbia ni kikubwa. Kilomita 80 kwa saa badala ya 110 zinaonekana wazi kwenye geji. Pima upepo wa tairi kila asubuhi unapojaza. Na Kampala toka kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Foleni ya barabara ya Jinja au ya Masaka ni petroli inayoungua ukiwa umesimama. Barabara ya mzunguko wa kaskazini hailipiwi, na hukuvusha bila kugusa katikati ya jiji.

Hatua ya 5: Fedha mkononi na kwenye simu

Sajili laini ya MTN au Airtel, ufungue na huduma ya pesa kwa simu. Kisha lipa moja kwa moja kutoka kwenye simu kila inapowezekana, kwa sababu ukitoa fedha kwa wakala unakatwa ada ya kutoa pamoja na kodi ya asilimia 0.5 ya kiasi ulichotoa.

Wabadilisha fedha wanaokujia dirishani mpakani wape kiasi cha kufikia mjini tu, kama hata hicho ni lazima. Maduka ya kubadilisha fedha ya Kampala yana viwango bora. Mwenye dola alete noti kubwa, mpya na safi. Noti ndogo au za zamani hupewa kiwango cha chini, na pengine hukataliwa.

Mkiwa kundi, wekeni mfuko mmoja wa mafuta, malazi na geti, mtu mmoja aushike na kuandika kila jioni. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenye gari la watu wanne huo ndio mwanzo wa ugomvi.

Hatua ya 6: Hifadhi, mahali fedha inapoamuliwa

Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, UWA, ina bei tofauti kwa mgeni wa nje, kwa mgeni mkaazi, na kwa raia wa Afrika Mashariki. Mgeni wa nje hulipa dola 40 au zaidi kuingia hifadhi kubwa. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, kama 20,000 hadi 25,000. Gari nalo hulipiwa, na lenye namba za Afrika Mashariki lina nafuu kubwa kuliko la nje. Haki hiyo ni yako, lakini lazima uithibitishe: kila mtu garini awe na kitambulisho au pasi halisi. Picha kwenye simu inaweza kukataliwa, na hapo utaangalia bei ya dola.

Sasa sikiliza, hapa ndipo wengi hupoteza. Tiketi ya kuingia ni ya saa 24, haihesabiwi kwa tarehe. Ukiingia hifadhi ya Queen Elizabeth saa mbili asubuhi, ukazunguka mchana wakati simba wamelala vichakani, kesho yake asubuhi ukitaka kuzunguka tena lazima uwe nje saa mbili, ama ulipe upya. Ingia saa nane mchana. Unapata jioni nzima, unalala, unaamka alfajiri wanyama wakiwa wametoka, na unatoka kabla ya saa nane. Tiketi moja, vipindi viwili bora. Mkiwa wanne, siku ya pili isiyo ya lazima ni kama lita 20 za petroli.

Mlo wa mchana mle kabla ya geti. Na mwe na fedha kwenye simu au kadi, maana UWA haipendi noti.

Kuna wanyama pia wanaoonekana bila tiketi. Barabara kuu ya Ishaka hadi Kasese inakatiza Queen Elizabeth na kuvuka Mfereji wa Kazinga kwenye daraja la Katunguru. Ndovu, nyati na swala huvuka barabara hiyo mara nyingi, hasa asubuhi na jioni. Kaskazini, barabara ya Karuma hadi Pakwach inapita ubavuni mwa hifadhi ya Murchison Falls, na karibu na daraja la Pakwach ndovu si habari ya ajabu. Kaa ndani ya gari, punguza mwendo, usiingie njia za vumbi za pembeni, hizo ni za waliolipa.

Sokwe wa milimani (gorila) wa Bwindi ndio uamuzi mkubwa. Kuanzia Julai 2024 kibali ni dola 800 kwa mgeni wa nje, na shilingi 300,000 kwa raia wa Afrika Mashariki. Kwa sisi wa ukanda huu hii ni zawadi, nami naona ni aibu kufika Kabale ukarudi bila kuwaona wakati watu wanavuka bahari kwa ajili yao. Kata kibali mapema, maana kila familia ya sokwe hupokea watu wanane tu kwa siku. Punguza kitu kingine, hiki usikipunguze.

Mengine yaliyo mazuri kuliko yote hayapo nyuma ya geti la UWA hata kidogo. Ziwa Bunyonyi si hifadhi ya taifa. Maziwa ya kreta ya upande wa Fort Portal yanaonekana ukiwa barabarani. Pale Kanaba, njiani kutoka Kabale kwenda Kisoro, unasimama na kuona mlima Muhabura, wenye mita 4,127, bila kulipa mtu. Mstari wa ikweta pale Kayabwe kwenye barabara ya Masaka haudai kitu zaidi ya subira ya foleni ya picha. Ukiwa na siku saba, siku mbili za hifadhi zinatosha. Zijaze nyingine na haya.

Ongeza na vivuko. Vivuko vya serikali havitozi nauli, si kwa mtu wala kwa gari. Kile cha Bukakata kwenda Luku kinakufikisha visiwa vya Ssese na gari lako, na kile cha Wanseko kwenda Panyimur kinakuvusha hadi upande wa West Nile. Fika mapema, maana nafasi za magari ni chache.

Hatua ya 7: Kulala

Kanuni yangu ni hii: lala mjini. Hoteli iliyo ndani ya hifadhi hutaja dola, wakati Kasese, mji ulio karibu na Queen Elizabeth, una vyumba safi vinavyotajwa kwa shilingi. Mbarara vilevile kwa hifadhi ya Ziwa Mburo. Nyumba za wageni za dayosisi, za Kikatoliki na za Kianglikana, zipo karibu kila mji mkubwa. Ni tulivu, zina maegesho yenye ukuta, na kifungua kinywa mara nyingi kimo ndani ya bei. Uliza chumba ukiwa na miguu yako pale na ukione, bei ya mdomoni hupungua kuliko ya mtandaoni, hasa Machi hadi Mei na Oktoba hadi Novemba mvua zinapofukuza watalii. (Miezi hiyo hiyo ndiyo ya kuogopa barabara za Bwindi, basi pima.)

Mwenye hema ana raha zaidi. Bunyonyi na Bwindi zina kambi za bei ndogo, na UWA yenyewe ina viwanja vya kambi ndani ya hifadhi. Beba sweta na blanketi: Bunyonyi iko karibu mita 2,000 juu ya bahari na usiku wake hauna mzaha.

Hatua ya 8: Kula kando ya barabara, na kula vizuri

Hapa sitaki ujibane. Asubuhi agiza katogo, matoke yaliyopikwa pamoja na matumbo au maharagwe, itakushikilia hadi alasiri. Njiani kuna vituo vilivyojengewa jina kwa nyama na kuku wa kuchoma: Namawojjolo ukitoka Mukono kwenda Jinja, na Lukaya kabla ya Masaka. Wachuuzi watalizunguka gari wote kwa pamoja na mishikaki, gonja (ndizi za kuchoma) na maji. Fungua dirisha kidogo, salimia kwanza, chagua mmoja, mkubaliane bei kabla hujashika kitu, na uwe na noti ndogo. Ukianza kwa "oli otya ssebo" kwa mwanamume, au "nnyabo" kwa mwanamke, kabla ya Kiswahili chako, bei hulainika. Kampala baadhi ya wazee bado wanakihusisha Kiswahili na amri za askari, na salamu ya Kiganda inaondoa hilo papo hapo.

Nunua kitu pale kinapozaliwa. Mananasi Kayunga, maziwa Lyantonde na Mbarara, viazi mviringo Kabale, machungwa na maembe Teso. Ukiwa na sigiri ndogo garini na sufuria moja, chakula cha jioni cha watu wanne kambini hugharimu kidogo sana. Maji nunua dumu kubwa mjini, chupa ndogo za njiani zinajumlika. Lakini kushindana na mama wa Lukaya kwa shilingi 500 baada ya kupoteza laki getini, hapana. Mlipe.

Hatua ya 9: Askari, tozo na maegesho

Mjini fuata mwendo wa kibao, hasa karibu na shule na hospitali. Nje ya miji kwenye lami mwendo wa juu ni kilomita 100 kwa saa. Askari wenye vipima mwendo hukaa pale barabara inapoingia senta ndogo, mahali ambapo dereva hajapunguza. Ukikamatwa na kosa ni lako, omba tiketi rasmi ulipe kwa benki au simu kabla ya kutoka nchini. Fedha ya mkononi haina risiti, na kesho utasimamishwa tena.

Usipige picha wala kusimama juu ya daraja jipya la Nile pale Jinja, lililofunguliwa Oktoba 2018. Imekatazwa.

Barabara ya kasi ya Kampala kwenda Entebbe ina tozo tangu Januari 2022, shilingi 5,000 kwa gari dogo. Jumapili asubuhi pita ile ya zamani, ni bure na haina foleni. Saa kumi na moja jioni ukiwa na ndege ya kuwahi, lipa bila kufikiri mara mbili.

Ndani ya Kampala liache gari hotelini. Maegesho hulipiwa, gari lililokaa vibaya hufungwa chuma gurudumuni, na bodaboda ya programu ya simu hukuonyesha bei kabla hujapanda.

Hatua ya 10: Kutoka

Siku ya mwisho fika mpakani mchana, si usiku. Rudisha kibali cha gari URA na uhakikishe kimefungwa kwenye mfumo. Kibali kilichoachwa wazi kitakusubiri safari ijayo na faini yake. Shilingi zilizobaki zibadilishe Busia au Mutukula, au zijaze kwenye tanki ikiwa nchi yako ina bei ya juu zaidi wiki hiyo. Ukizibeba hadi Mombasa au Mwanza, atakayezipokea atakupa kiwango kibaya.